Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: fomu, tageti na uhuru wetu kazini

Ndugu wanachama, poleni na kazi. Mambo ya ada na hesabu atayasoma mweka hazina, mimi nakwenda moja kwa moja kwenye kilichotukalisha vikao karibu vyote, haya mageuzi ya utumishi wa umma na uhuru wetu wa kitaaluma.

Jamani hakuna aliyetoa amri kwamba kuanzia leo daktari haamui au mwalimu asifikiri. Ilikuja fomu, ikaja tageti, halafu akaja meneja wa kukagua fomu. Muuguzi mmoja alitufungulia karatasi yake kikaoni, kurasa mbili visanduku vya kutiki, pa kuandika alichokiona kwa mgonjwa mstari mmoja tu tena mfupi.

Wenzetu Uingereza yaliwakuta mapema. 1983 Roy Griffiths, bosi wa supamaketi za Sainsbury's, alipewa na serikali kazi ya kuangalia uendeshaji wa huduma ya afya, akashauri wawekwe mameneja wakuu maana mambo yalienda kwa makubaliano ya madaktari, wauguzi na watawala na hakuna wa kumshika shati. Miaka ya 2000 likaja lengo kwamba mgonjwa wa dharura awe amelazwa, amehamishwa au ameruhusiwa ndani ya masaa 4, foleni zikapungua kweli tusikatae, ila wengi walikuwa wanaondolewa chumba cha dharura zile dakika za mwisho mwisho kabla masaa 4 hayajatimia, yaani anayeamua ni saa ya ukutani.

Na sisi tuna letu. Tulipoachiwa tujiamulie wenyewe wapo waliojificha nyuma ya neno taaluma, mtu anakosea tunalindana, malalamiko yanalala kwenye droo. Wananchi walichoka. Halafu hao mameneja wengine ni sisi sisi, jana uko naye wodini leo anakutumia jedwali la Excel na salamu hakuna.

Ndio maana kamati haijakataa kukaguliwa, tulichodai ni kuwepo wakati viashiria, yaani vipimo vya kupimia kazi yetu, vinaandikwa. Barua tatu, jibu moja. Wakubwa tuliowaandikia wamekubali kitu kimoja, mtaalamu akiacha mwongozo kwa ajili ya mgonjwa au mwanafunzi aliye mbele yake aandike sababu na asikatwe maksi. Kidogo, lakini mimi nakipokea.

Sasa katibu anahitaji mifano yenu kabla ya kikao kijacho, ameandaa fomu, ndiyo, fomu, nisameheni, ila hii ina nafasi ya kuandika.