Ile ndege siipigi rangi

Yakhe Hamisi, asalaam aleikum,

Voisi yako nimeisikiliza mara mbili nikiwa kwenye daladala narudi Raskazone na jibu langu ni hapana, ile ndege yangu ya kuchezea siipigi rangi. Usinune kwanza.

Ile ndege sikuinunua dukani kama unavyodhani, niliikuta Ngamiani kwa jamaa wa skrepa imelala kwenye ndoo pamoja na vitasa na koki mbovu, kashaipitishia sumaku haikushika akasema bosi hii aluminiamu, anataka kuipima kwa kilo! Aluminiamu gani nzito vile, ile ni zinki iliyochanganywa. Nikaigeuza tumboni nikasoma Dinky Toys, ile chapa ya zamani ya magari na ndege za kuchezea za Kiingereza, nikampa buku tatu fasta kabla hajanisoma usoni. Tairi moja hakuna, pua imebanduka rangi mpaka zinki inaonekana, ila ule mstari wa bluu wa BOAC, lile shirika la ndege la Waingereza la zamani, bado upo na ukiuweka kwenye mwanga unaona madirisha yote.

Sasa wewe unataka niipake iwe ya East African Airways kwa ajili ya marehemu mzee, na mimi nakuelewa kabisa, mzee kabeba mizigo ya watu pale uwanja wa ndege Dar mpaka shirika linavunjika 1977. Lakini yakhe hii sio ndege yake. Hii ni mfano wa Comet ya mwanzo kabisa, ndege ya jeti ya Waingereza, ile BOAC walianza kubebea abiria Mei 1952 toka London mpaka Johannesburg, njiani inatua Entebbe, halafu 1954 zikasimamishwa baada ya ajali mbili kule Italia, kumbe bodi inachoka kwa kujazwa hewa na kutolewa kila safari mpaka inapasuka. Na mwaka huohuo ndo Meccano, wenye Dinky, pale Liverpool wanatoa huu mfano, bahati mbaya iliyoje. East African wao walipata Comet 4, 1960, hiyo ni ndefu zaidi na ina matenki ya mafuta yamechomoza mbele ya mabawa. Nikiiandika East African halafu akaja mtu anayejua akaniuliza matenki yako wapi, nimwambie yameibiwa?

Halafu kuna jambo sijawahi kukwambia. Ile Boeing 737 yangu ndogo ya Lufthansa, unaikumbuka? Mwaka juzi niliipiga msasa nikaipeleka gereji wakanipulizia rangi ya gari, nikajiona fundi. Ilitoka inang'aa kama sufuria jipya, ila rangi ilikuwa nzito ikajaa kwenye mistari yote, milango haionekani, mkia kama kijiko. Iko kabatini nyuma ya vikombe, sitaki hata shemeji yako aione. Rangi ya kiwandani ikishatoka ndo basi, na kiwanda chenyewe kilifungwa 1979, utampelekea nani?

Kwa hiyo Comet nimeifuta vumbi tu kwa brashi kavu, nimeiweka kwenye kopo la biskuti na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, maana hewa ya chumvi ya huku unaijua, hata bawaba za mlango zinalia.

Ila mzee simsahau. Pale sebuleni kwa mama kuna picha yake amesimama uwanjani na ovaroli, nyuma kuna ndege. Hebu itoe kwenye fremu uipige vizuri unitumie, usikate pembeni kama kawaida yako. Kama injini zimezama kwenye mashina ya mabawa na yale matenki yapo, basi ni Comet 4. Kama injini zote nne ziko nyuma na mkia umebeba ubawa juu kabisa, hiyo ni Super VC10, hizo East African walianza nazo 1966. Nikishajua ni ipi nitaanza kuitafuta hiyohiyo, hata ikinichukua miaka.

Na geuza picha nyuma, wazee wetu walikuwa wanaandika tarehe.

Wako,
Bakari