Barua kwa mwanangu anayekwenda Ndola

Mwanangu mpendwa,

Jumatatu utavuka mpaka wa Kasumbalesa, na ninaloliogopa si safari wala chakula cha Zambia, bali neno moja la Kiingereza, «fine», ambalo jana ulimjibu shangazi yako mara tatu, yaani uko sawa, kana kwamba lina maana hiyo moja tu.

Kifaransa unakijua kuniliko, kwa hiyo anzia huko. Wanormandi walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kilikaa mahakamani mwao kwa muda mrefu, na «fin», iliyotoka katika Kilatini «finis», yaani mwisho au mpaka, ikaingia Kiingereza kwa milango miwili. Kwa mmoja iliingia kama sifa ya kitu kilichofikia ukomo wa ubora, na hadi leo uzi mwembamba na mchanga laini husifiwa kwa neno hilo hilo. Kwa mwingine iliingia kama malipo ya kumaliza kesi, ndiyo amande yetu, ambayo Watanzania na Wakenya huiita faini. Sikio halitakusaidia kuyatenganisha, mama.

Mimi niliambiwa kuna «fine» pale mpakani, miaka ile ya biashara ya unga. Nikaelewa kwamba karatasi zangu ni safi, nikamshukuru afisa, nikapanda lori. Tulisimamishwa kizuizini, na magunia yakanyeshewa siku mbili. Muhula ule mliporudishwa nyumbani kwa kukosa karo, mteja niliyemlaumu mbele ya mama yako hakuwa na deni lolote kwangu.

Basi ukilisikia ofisini, uliza kwanza kama unatakiwa kulipa, uliza ni kiasi gani, kisha udai risiti. Usione haya kuuliza mara mbili.

Na wewe usilitumie kutufichia. Ulifanya mtihani wa taifa ukiwa na malaria, ukisema uko sawa. Ulifaulu, nami nikajivunia kwa majirani bila kukuuliza chochote. Ulikosea kunyamaza, ingawa nyumbani humu si wewe uliyeanza.

Mama yako amekaza vifungo vya koti lako la kijivu na kukufungia dagaa kwenye kopo la maziwa. Makaa ya kupikia yamepanda bei, kwa hiyo pesa ya simu nitaituma mara moja kwa juma. Ukifika, nipigie kabla hujalala, uniambie kwa Kiswahili umekula nini na unaumwa wapi.

Baba yako,
Lubumbashi