Dumu la nyonyo lisilo na namba

Mhariri,

Natengeneza sabuni ya maji hapa Dodoma, na nimechoka kusikia kwamba mafuta ya nyonyo ni ya kukuza nywele tu. Viwandani huunganishwa na gesi ya ethilini oksidi, yakawa kitu kinachoshika maji na mafuta kwa pamoja. Gesi ikizidi, nacho huzidi kuyeyuka kwenye maji. Namba yake huonyesha kiasi cha gesi hiyo: cha namba 40 huyeyuka vizuri, cha namba 5 hubaki upande wa mafuta.

Uzuri wake hakina chaji ya umeme. Maji ya kisima changu yana chokaa: sabuni ya kawaida huacha utando kwenye ndoo na povu hulioni. Lakini kitu hiki, kwa kuwa hakina chaji, hakibabaishwi na chokaa. Hicho hicho ndicho siri ya viuatilifu vya mafuta, vile ambavyo mkulima akivitia kwenye bomba vinageuka vyeupe kama maziwa. Viwanda vya nguo na ngozi hukitumia pia. Hata dawa ya saratani, paklitakseli, huyeyushwa nacho, ingawa baadhi ya wagonjwa hupata mzio.

Sasa mwezi uliopita nimeuziwa dumu la lita 5 bila lebo. "Ni ya nyonyo, mama." Namba ngapi? Muuzaji akanitazama kama nimemtukana. Nilipokoroga, mafuta yakapanda juu, pipa zima likaharibika. Wauzaji, andikeni namba! Na wenzangu msijaribu kujitengenezea nyumbani. Gesi ile ni sumu, tena hulipuka.

Mama Sabuni,
Dodoma