Muziki ufuate miguu, moyo ubaki kuwa kipimo

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa afya umewashauri wasomaji wachague nyimbo zenye mwendo sawa na mapigo ya moyo wao, na moyo ukipanda, wabadilishe wimbo uende nao. Kwa mtu aliyekaa kitini shauri hilo halina neno. Kwa anayefanya mazoezi Bukavu, mji wetu wa vilima mashariki mwa Kongo, limekaa kinyume, na tunaomba nafasi ya kulisahihisha.

Tuchukue mpando wa kutoka Nyawera kuelekea Kadutu. Chini, penye usawa kidogo, tuseme mkimbiaji ana hatua 165 kwa dakika na moyo wake uko 140. Akianza kupanda, hatua zinafupika, kisha anatembea, na hesabu yake inashuka hadi 100 hivi. Moyo wakati huohuo unafika 165, maana mapaja sasa yananyanyua mwili mzima. Moyo na miguu vimeachana. Programu ya simu inayofuata moyo itasoma 165 na kuleta wimbo wa midundo 165. Mwili hupenda kukanyaga juu ya mdundo bila kuulizwa, kwa hiyo mtu ataongeza hatua. Moyo utapanda tena, programu itaongeza tena. Mwalimu yeyote wa kwaya anaijua hali hiyo: waimbaji wanakimbia, ngoma inawafuata, ngoma ikikimbia waimbaji wanaifuata, na kabla ya ubeti wa tatu hakuna mwenye pumzi.

Ili tusichanganyikiwe, hapa mapigo ni ya moyo, midundo ni ya muziki, hatua ni za miguu. Vyote vitatu huhesabiwa kwa dakika, na hapo ndipo kosa linapozaliwa: namba zikifanana watu hudhani vitu vyenyewe vinafanana.

Moyo haufungwi na mdundo pigo kwa pigo. Katika chumba chake cha juu upande wa kulia kuna kifundo kidogo kinachotoa cheche ya kila pigo, na kifundo hicho hakisikii gitaa. Muziki huufikia moyo kwa kuzunguka, hasa kupitia pumzi. Ukivuta hewa mapigo huharakisha kidogo, ukiitoa hupunguza. Shika mkono wako uhesabu huku ukipumua polepole, utalihisi. Mwaka 2006 Luciano Bernardi na wenzake walichapisha vipimo vya watu 24, nusu wanamuziki na nusu si wanamuziki. Muziki wa kasi ulipandisha pumzi, shinikizo la damu na mapigo. Kilichowashangaza wengi ni kimya: dakika mbili za kimya katikati ya nyimbo ziliwatuliza watu chini ya kiwango walichoanza nacho. Anayetaka kupumzika asijaze kila dakika kwa sauti.

Tuanze na kupima, maana namba mbaya huharibu kila kitu kinachofuata. Mapigo ya mapumziko hupimwa asubuhi kabla ya kutoka kitandani. Tumia kidole cha shahada na cha kati, chini ya kitako cha dole gumba, kwenye mfereji ulio kando ya mshipa mgumu wa kifundo cha mkono. Usitumie dole gumba: lina mapigo yake, utajihesabu mara mbili. Hesabu sekunde 30 uzidishe kwa 2. Anayehesabu sekunde 10 na kuzidisha kwa 6 akikosea pigo moja tu amekosea mapigo 6. Fanya hivyo asubuhi tatu, uchukue wastani. Mapigo yakiwa hayana mpangilio, hesabu dakika nzima, kisha umwone daktari kabla ya kufikiria wimbo wowote.

Muziki nao huhesabiwa hivyohivyo, ila kuna mtego. Mdundo wa kwanza, ule unaoanzia saa, ni sufuri. Ukiuita moja, katika sekunde 30 utapata wimbo ulio juu kwa midundo 2 kuliko ulivyo. Katika sekunde 15 utapita kwa midundo 4. Na hesabu pale mguu unapotua ukicheza, usifuate vidole vya mpiga gitaa.

Sasa shabaha, yaani mapigo unayolenga ukiwa mazoezini. Kanuni ya zamani ya kukadiria kilele cha mapigo ni 220 ukitoa umri. Nyingine, ya Tanaka na wenzake ya mwaka 2001, ni 208 ukitoa umri mara 0.7. Mwenye miaka 40 anapata 180 kwa zote mbili. Mwenye 60 anapata 160 kwa ya kwanza na 166 kwa ya pili. Zote ni makadirio, na kwa mtu mmoja zinaweza kupotoka kwa mapigo 10 hata zaidi. Baada ya hapo tunatumia njia ya Karvonen, Mfini aliyeitoa mwaka 1957: toa mapigo ya mapumziko kutoka kilele, chukua sehemu unayotaka ya kinachobaki, rudisha mapumziko juu yake. Miaka 40, mapumziko 70: 180 kutoa 70 ni 110. Nusu yake ni 55, ukirudisha 70 ni 125. Asilimia 70 ya 110 ni 77, ukirudisha 70 ni 147. Mtu huyu afanyie mazoezi yake ya kawaida kati ya 125 na 147. Namba hizo mbili aziandike, na azitumie kama dereva anavyotumia mshale wa joto wa injini: kuangalia, basi. Hakuna anayeendesha gari kwa kufuata mshale wa joto.

Wimbo uchaguliwe kwa hatua. Kutembea kwa haraka huanzia hatua 100 kwa dakika. Wakimbiaji wengi wako kati ya 150 na 180. Nyimbo za midundo 165 ni adimu na zinachosha masikio, kwa hiyo tafuta wa 82 au 83 na ukanyage mara mbili kwa kila mdundo. Costas Karageorghis wa chuo kikuu cha Brunel, Uingereza, amelichunguza jambo hili kwa miaka mingi, na timu yake ilionyesha mwaka 2011 kwamba watu wakifanya mazoezi hupendelea midundo 125 hadi 140, hata pale moyo unapokwenda juu zaidi. Hilo peke yake linatosha kuangusha dhana ya kuulinganisha wimbo na moyo namba kwa namba.

Mlima ukifika, mwendo wa muziki ushuke. Andaa nyimbo tatu nne za midundo 95 hadi 105 za kupandia, na uziweke ukiwa bado chini, kabla ya kupanda, kwa sababu moyo huchelewa. Kazi ikibadilika, mapigo huchukua dakika moja hadi tatu kutulia kwenye kiwango kipya. Programu inayojibu kila sekunde inajibu habari za zamani. Kama simu yako inakuruhusu kuchagua, iambie ichukue wastani wa sekunde 20 au 30 na isibadilishe wimbo mpaka mapigo yapite shabaha kwa 5 au zaidi.

Nyimbo zetu ndizo zinazozipiga chenga programu hizi. UNESCO iliitia rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa binadamu mwezi wa Desemba 2021, lakini mashine za kuhesabu midundo bado zinaisoma vibaya. Zimezoeshwa ngoma kubwa inayogonga kila mdundo kama nyundo. Rumba inaweka mkazo wake pembeni, na gitaa linajaza katikati, basi mashine inajibu 64 pale unapocheza 128, au kinyume chake. Shida ya pili ni sebene, ile sehemu ya magitaa na kucheza inayokuja baadaye katika wimbo. Wimbo unaanza tuseme na 108, sebene inaingia, mpiga ngoma anapandisha hadi 126, na programu inaandika 117 kwa wimbo mzima, namba ambayo haipo mahali popote ndani yake. Tena rekodi nyingi za zamani zilipigwa bila mashine ya kushikilia mwendo. Wapigaji wanasogea mbele kadiri joto linavyopanda. Huo ndio utamu wake, ila kwa kazi hii lazima uhesabu mwenyewe, mwanzo, katikati na mwisho.

Dawa ni kukata. Fungua wimbo kwa programu ya Audacity, ambayo ni ya bure, tafuta pale sebene inapoingia, hifadhi vipande viwili. Kila kipande kipe jina linaloanza na namba yake, na namba iwe na tarakimu tatu: 098, 104, 126. Ukiandika 98 bila sufuri, simu nyingi zitaiweka nyuma ya 126 na mpangilio wako wote utavurugika. Ukishapanga hivyo huhitaji intaneti wala programu ya kulipia. Kuongeza au kupunguza mwendo kwa kompyuta kunawezekana bila kuifanya sauti kuwa nyembamba au nene, lakini kuna mpaka. Kutoka 126 hadi 132 ni kama asilimia 5, sikio halilalamiki. Kutoka 126 hadi 150 ni asilimia 19, na hapo ngoma zinaanza kulia kama bati lenye maji. Na usichague ile njia ya kuharakisha kila kitu kwa pamoja: asilimia 6 tu hupandisha sauti za wimbo kwa nusu toni, na mwimbaji unayemjua anageuka mtoto.

Saa za mkononi nazo zinadanganya kwa namna yao. Zinamulika ngozi kwa mwanga wa kijani na kusoma damu inavyojaa na kupungua. Mkono ukitikisika kwa mpangilio, saa inaweza kushika mtikisiko wa hatua na kuuita moyo. Ngozi nyeusi hunywa zaidi mwanga huo, na baridi ya asubuhi inapunguza damu ya mkononi, kwa hiyo kipimo kinazidi kuwa dhaifu. Ivae vidole viwili juu ya mfupa wa kifundo, ibane isiteleze. Ukiitilia shaka, simama ghafla. Moyo wa kweli hushuka taratibu. Namba ikiporomoka mara moja kutoka 165, ulikuwa unasoma miguu yako. Mkanda wa kifua ni bora kwa kuwa unapokea umeme wa moyo wenyewe, ila vipande vyake vilowanishwe kwa maji kwanza, vikiwa vikavu vinatoa namba za ajabu.

Kwa kupumzika, namba inaweza kuanzia kwenye moyo. Wenye kazi ya kutibu kwa muziki huanza pale mtu alipo, kisha humshusha polepole. Mapigo yakiwa 88, anza na wimbo wa 85 hivi, baada ya dakika tano weka wa 78, kisha 70, mwisho 60. Kwenye 60 mdundo mmoja ni sekunde moja: vuta hewa kwa midundo 4, itoe kwa 6, utapata pumzi sita kwa dakika. Kisha zima, ukae na kile kimya cha dakika mbili. Na hili si jambo geni: mwaka 1752, miaka zaidi ya 60 kabla Maelzel hajaisajili metronomu yake, ile mashine ya kushikilia mwendo, Quantz, mpiga filimbi wa mfalme wa Prussia, aliwaambia wanamuziki wachukue mwendo kutoka kwenye mapigo ya mtu mzima mwenye afya, akakadiria 80.

Kuna watu ambao hesabu zote za shabaha haziwafai. Anayemeza propranolol au atenolol kwa ajili ya shinikizo la damu amefungiwa breki: mapigo yake hayatafika pale kanuni inaposema, na akilazimisha ataumia. Vivyo hivyo mwenye kifaa cha kuendesha moyo kifuani. Hao watumie mdomo: ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, kasi inatosha. Maumivu ya kifua au kizunguzungu, simama, zima muziki, nenda hospitali. Na barabarani, penye pikipiki zinazoshuka injini zimezimwa, sikio moja libaki wazi.

Tunaomba toleo lijalo lichapishe sahihisho, angalau mistari miwili: kwenye mazoezi wimbo uchaguliwe kwa hatua, na kwenye mpando ushushwe.

Wakufunzi wa mazoezi na mafundi wa sauti,
Kadutu, Bukavu