Nano ya kichupani haizuii maji ya bahari

Mhariri,

Nipe nafasi niseme na wachuuzi wa "nano", na zaidi na wanaowanunulia.

Tangu kusi ianze kuvuma, hapa Lamu kuna vijana wanaozunguka na vichupa, kuanzia gatini hadi Langoni, na Shela kwa wageni. Kichupa kimoja Sh500. Unapakwa kioo cha simu, kinafutwa kwa kitambaa, kisha unaambiwa simu yako haivunjiki tena wala haiingii maji. Mimi ni fundi simu. Wakishapaka wao, zinaishia mezani kwangu.

Juzi alikuja nahodha mmoja wa Matondoni, simu yake imelala usiku kucha ndani ya ngama, pale maji yanapokusanyika chini ya chombo. Nilipoifungua, tundu la chaji lilikuwa limeota kijani, na kwenye bodi, karibu na betri, njia za shaba zimeliwa hata sindano ya mita haipati pa kugusa. "Mwanangu, si hii imetiwa nano?" Ina nano, baba, lakini si hiyo uliyouziwa.

Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele mmoja una unene wa nanomita 80,000 hivi. Kichupa hicho, kikiwa halali, kina silika, yaani kitu kilekile kilichomo kwenye mchanga na kioo, iliyochanganywa na spiriti. Spiriti ikikauka, kinabaki kiutando chembamba kupita kiasi, na kweli kina kazi yake: tone la maji huteleza na alama za vidole hazigandi sana. Basi, hakuna zaidi. Protekta ya kioo ina milimita 0.3, yaani nanomita 300,000, na bado hupasuka. Tena maji hayapenyi kwenye kioo. Hupitia tundu la chaji, spika na kingo, na kinachoyazuia huko ni raba na gundi. Hata simu zenye alama ya IP68, ile ya kustahimili vumbi na maji, hupimwa kwa maji matamu. Maji ya chumvi hupitisha umeme, na betri ikiwa bado ina chaji, shaba huanza kuliwa saa hiyohiyo.

Nano ya kweli haipakwi barazani. Chipu ya A17 Pro ya Apple, ya mwaka 2023, ina transista, yaani swichi ndogo za umeme, bilioni 19 kwenye kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. (Ile "nanomita 3" inayotangazwa ni jina la kizazi cha chipu, si kipimo cha transista. Wakubwa nao hupamba.) Nukta za kwanta, chembe za nanomita chache zinazotumika kwenye runinga, nazo hutoa rangi kwa ukubwa wa chembe tu: ndogo hutoa buluu, kubwa hutoa nyekundu. Kazi ya nukta hizo iliwapa wanasayansi Bawendi, Brus na Ekimov Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka huohuo wa 2023.

Simu ikiangukia baharini, izime, usiichaji, ilete kwa fundi siku hiyohiyo ioshwe chumvi. Mchele hauondoi chumvi, wacheni upikiwe pilau.

Kichupa alichouziwa nahodha kimebaki kwangu. Hakina jina la kiwanda, tarehe, wala maelezo ya kilichomo. Ofisa wa viwango akipita Langoni, aulize kwa fundi simu, nitampa akakipime.

Fundi Simu,
Langoni, Lamu