Kitabu kinene au ukurasa mmoja? Kanuni zinazolifaa kundi lenu

Makundi yanayotaka kuanza michezo ya kuigiza wahusika mezani hutuuliza swali moja kuliko yote: tuchukue mchezo wenye kanuni nyingi au wenye kanuni chache? Wengi hufika dukani kwetu wameshajijibu. Sisi ni wageni, wanasema, tupeni mwepesi. Tungependa kueleza kwa nini mara nyingi tunawashauri wafikirie tena kabla ya kulipa.

Kwa ambaye hajawahi kucheza: mmoja wenu anakuwa mwendeshaji, anaeleza mahali mlipo na yanayowakabili. Wengine kila mmoja ana mhusika wake na anasema mhusika huyo anafanya nini. Pale ambapo jambo linaweza kufaulu au kushindikana, dadu inarushwa. Kanuni ndizo zinazosema dadu ipi, wakati gani, na namba ngapi inatosha.

Tofauti ya wingi wake ni kubwa mno. Lasers & Feelings, mchezo wa John Harper wa mwaka 2013, umeenea kwenye ukurasa mmoja. Unachagua namba kuanzia 2 hadi 5 na kucheza nayo jioni nzima: ukifanya jambo la akili na mitambo, dadu itoe chini ya namba yako; ukifanya jambo la moyo na maneno, itoe juu yake. Upande wa pili kuna Pathfinder, toleo la pili la mwaka 2019, ambalo kitabu chake kikuu kilipotoka kilikuwa na kurasa 640. Dungeons & Dragons, uliotolewa na Gary Gygax na Dave Arneson mwaka 1974, uko katikati, ingawa matoleo yake yamekuwa yakinenepa na kukonda.

Kwetu sisi, kanuni nzuri ni ile inayompa mchezaji uhakika kabla hajaamua. Chukueni kanuni ya kuruka katika toleo la 2014 la Dungeons & Dragons. Mhusika akikimbia futi 10 kwanza, anaruka umbali wa futi sawa na namba ya nguvu zake. Mwenye nguvu 16 anavuka ufa wa futi 16, bila dadu na bila kuomba ruhusa ya mtu. Mchezaji anayeijua kanuni hiyo anapanga njia ya kutoroka mwenyewe, kwa sababu anajua daraja likikatika yeye atavuka na adui mwenye nguvu chache atabaki. Iondoeni, naye atalazimika kumuuliza mwendeshaji kila mara: je, naweza? Hapo undani wa kanuni umempa uhuru, wala haukumfunga.

Sasa tazameni kukamatana mwilini katika toleo la tatu la mchezo huohuo, la mwaka 2000. Ukitaka kumkaba mtu, kwanza yeye hupata nafasi ya kukupiga. Akikukosa, unarusha dadu kuona kama umemgusa. Ukimgusa, mnarusha wote wawili kushindana. Ukishinda, unaingia alipo ili uendelee kumshika. Wachezaji wengi waliacha kabisa kukabana, kwa kuwa kila aliyejaribu alisimamisha meza nzima huku watu wakipekua kurasa. Toleo la 2014 lilifanya yote hayo kuwa shindano moja la dadu, na watu wakaanza kukabana tena. Kanuni ya zamani ilikuwa na undani mwingi zaidi, lakini haikumwongezea mchezaji uamuzi wowote wa maana.

Kuhusu wepesi, kuna kisa cha zamani tunachopenda kuwasimulia wateja. Michezo hii ina asili yake katika michezo ya vita. Mwaka 1824, ofisa wa Prussia aitwaye Georg von Reisswitz alitoa kanuni za mchezo wa kuwafundisha maofisa, wenye ramani, dadu na majedwali ya hasara. Majedwali yaliuchelewesha mchezo, na mwaka 1876 ofisa mwingine wa Prussia, Julius von Verdy du Vernois, akapendekeza yaachwe pamoja na dadu, mwamuzi akate shauri kwa uzoefu wake. Lakini mwamuzi huyo alikuwa askari aliyeviona vita vyenyewe. Kanuni zilipoondoka, uzoefu wake ndio uliokaa mahali pake.

Ndiyo maana tunasita kumpa mwendeshaji mgeni mchezo wa ukurasa mmoja. Ukurasa huo unasomeka kwa dakika tano, ila kila ambacho haukukisema atakiamua yeye papo hapo, mbele ya marafiki wanaobishana. Msimuliaji mahiri ataufurahia. Anayeanza atahitaji pa kuegemea.

Kuna na suala la lugha. Vitabu karibu vyote tunavyouza ni vya Kiingereza, na meza nyingi zinacheza kwa Kiswahili. Mwendeshaji anasoma, anatafsiri kichwani, kisha anaamua, na kanuni ndefu inamchosha maradufu. Kwa bahati nzuri, Januari 2023 kanuni za msingi za Dungeons & Dragons ziliwekwa chini ya leseni inayoruhusu yeyote kuzitumia na kuzitafsiri. Kwa hiyo tumeandaa muhtasari wa Kiswahili wa kurasa nne: kurusha dadu, mapigano, majeraha na kupumzika. Tunautoa bure kwa kila kundi linalokodi meza.

Wacheza bao wa pwani walilijua zamani jambo hili la kuanza na kanuni chache. Bao la kujifunza huanza na kete zote 64 zimepangwa mbilimbili kwenye mashimo 32, bila hatua ya kunamua, yaani kuingiza kete za akiba moja moja. Bao la Kiswahili lenyewe huja baadaye. Nasi tunawashauri muanze na muhtasari, kisha muongeze kanuni moja mnapogundua mmebishania jambo lilelile mara mbili.

Mkija kuulizia, tuambieni nani ataendesha, mna saa ngapi, na mnapenda nini zaidi kati ya mapigano, mafumbo na mazungumzo. Kundi lisilo na mwendeshaji linaweza kumkodi wetu kwa vikao vya mwanzo. Tutamwomba mmoja wenu akae karibu naye na kushika muhtasari, ili baadaye aendeshe yeye.