Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: kuheshimiana makabila kusiachwe kwenye historia tu

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Mimi mwalimu wa baiolojia huku Mbagala. Mtaala mpya umeleta Historia ya Tanzania na Maadili, safi kabisa, ila mambo ya kuheshimiana makabila mmewaachia watu wa historia peke yao wakati maneno yenyewe yanatoka kwenye kipindi changu. Nikigusa tu urithi mkono uko juu, ticha eti Wachaga wana jeni ya hela? Darasa linacheka na mimi nacheka, utani tumekua nao sina ugomvi nao. Shida ni yule anayetoka pale akiamini kweli kwamba kuna kabila zito kichwani kwa damu, na sasa ana neno la kisayansi la kusemea.

Chukua selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi (sickle cell). Sisi ni kati ya nchi zinazoongoza duniani kwa watoto wanaozaliwa nayo, na mtaani utasikia ni ugonjwa wa watu wa Kanda ya Ziwa, usioe kule. Darasani mwanafunzi anachora AS kwa AS (wazazi wawili, kila mmoja na jeni moja tu ya selimundu) anapata 25% ya SS (mtoto mwenye ugonjwa), imeisha hiyo. Hakuna anayemwambia kwamba jeni hii ilifuata malaria haikufuata kabila, mwenye AS anakuwa na kinga fulani dhidi ya malaria kali ndo maana imeshamiri Ziwa na huku kwetu Pwani, na ndo maana ipo India, Arabuni mpaka Ugiriki ambako Wasukuma hawapo (labda aliyeenda kusoma).

Damu nayo hivyo hivyo. Wewe grupu O, umepata ajali ya bodaboda, kaka yako tumbo moja ana B, hawezi kukupa, atakayekuokoa ni Mmakonde usiyemjua mwenye O, na ile mifuko ya damu salama imeandikwa grupu, kabila halipo.

Sasa ombi. Taasisi ya Elimu (TET) wayaweke haya ndani ya mada zenyewe, sio kipande cha maadili mwishoni ambacho wote tunakiruka. NECTA nao watunge swali hata moja, manake unajua mwenyewe mheshimiwa, kisichotoka kwenye mtihani hakifundishwi, madarasa yamejaa na silabasi haiishi. Na walimu tupewe semina, wapo wenzangu hizo stori za makabila wanazipiga wao wenyewe ofisini. Sio lazima iwe Dodoma na posho, hata Jumamosi hapa hapa Temeke tutakuja.

Mwalimu wa baiolojia, Dar es Salaam